BWANA SHAMBA ANASIMULIA: Banda la Soko la Campden



Mwezi huu twendeni kwenye soko la mbali. Soko hili liko Uingereza, katika mji mdogo uitwao Chipping Campden. Mji huo uko kwenye vilima vya Cotswold. Neno "Chipping" ni la Kiingereza cha zamani. Maana yake ni soko.

Mnamo mwaka 1185 mfalme Henry wa Pili aliupa mji huo kibali cha kuwa na soko. Watu wa vilima hivyo walifuga kondoo. Kondoo walitoa sufu nyingi, na sufu ilinunuliwa na wafanyabiashara wa nchi nyingine. Mji ukapata mali. Tajiri mmoja wa sufu aliitwa William Grevel. Alifariki mwaka 1401. Nyumba yake ya mawe bado imesimama kando ya barabara kuu.

Baadaye biashara ya sufu ilipungua. Lakini wakulima waliendelea kuja sokoni. Walileta siagi, jibini na kuku. Ninyi mnaouza mazao mnajua taabu yake. Siagi haipendi jua. Kuku hawapendi mvua. Muuzaji asiye na banda hupata hasara.

Mwaka 1627 tajiri mwingine, Baptist Hicks, aliwajengea wauzaji hao banda la soko. Kabla ya hapo, mwaka 1612, alikuwa amejenga nyumba za kukaa maskini 12, wanaume 6 na wanawake 6. Banda lilijengwa kwa mawe. Pande zake zina matao yaliyo wazi, ili watu na hewa vipite. Juu kuna paa imara. Chini kuna sakafu ya mawe. Mawe hayo yamelika kwa miguu ya watu wa miaka mingi.

Katika miaka ya 1940 banda hilo lilikaribia kupotea. Lilikuwa liuzwe Marekani! Wakazi wa Campden hawakukubali. Hicks alikuwa amekufa zaidi ya miaka 300 iliyopita. Hakuwapo tajiri wa kuwatetea. Basi walichanga fedha wenyewe, wakalinunua banda lao. Kisha walilikabidhi kwa National Trust, shirika linalotunza majengo ya kale. Banda lipo mpaka leo.

Ndugu zangu, tajiri mmoja alilijenga, lakini watu wengi ndio waliolikomboa. Kitu cha wote hakidumu kwa sababu kilijengwa vizuri tu. Kinadumu kwa sababu wenyewe wanakijali. Haba na haba hujaza kibaba.

MASWALI YA KUJADILI
1. Banda la Campden lilijengwa mwaka gani, na kwa faida ya nani?
2. Wakazi walifanya nini liliposemwa litauzwa?
3. Katika kijiji chenu, ni kitu gani cha wote kinachohitaji kutunzwa? Nani ataanza?

Kwaherini mpaka mwezi ujao.