Kabla ya Kulipia Kitanda Ulaya, Uliza Maswali ya Kitengela

Hakuna mtu wa Kitengela anayelipa dipoziti ya nyumba ambayo hajaiona. Utaenda mwenyewe Jumamosi, ufungue mfereji uone kama maji yanatoka, umuulize keateka bowza huja siku gani na nani huilipia, uangalie kama mita ya stima ni yako peke yako au mnashea na jirani. Ikiwa ni ploti unanunua, ndiyo kabisa. Utapanda matatu hadi ofisi ya ardhi Kajiado ufanye sachi, ujue jina lililo kwenye hati ni la nani. Wakora wametufunza, na tumefunzika.

Sasa mtu huyo huyo akipata nafasi ya kwenda Ulaya mara ya kwanza, anatuma dipoziti ya chumba cha Berlin kwa mtu aliyempata kwenye kikundi cha WhatsApp. Kisa na maana? Picha zilikuwa safi, bei ilikuwa poa, na "mwenye nyumba" alisema kuna watu wengine watatu wanakitaka.

Maoni yetu ni haya: malazi nafuu si yale yenye bei ndogo kwenye tangazo. Ni yale ambayo ukishayalipia utayakuta, na mipango ikibadilika pesa yako itarudi. Na tunasema hivi tukijua vizuri biashara yetu. Kila unapotuma pesa kuna ada tunayopata. Lakini ada ya pesa iliyotumwa kwa mkora haitufaidi, manake mteja aliyeumia mara moja huogopa kutumia simu yake hata kulipia unga.

Viza kwanza, malipo kamili baadaye

Ukiomba viza ya Schengen, utaulizwa utalala wapi. Ndiyo maana watu hukimbilia kulipia hoteli nzima mapema, wakidhani ni lazima. Unachotakiwa kuonyesha ni ushahidi wa malazi, na buking inayoweza kufutwa bila malipo ni buking halali. Ombi lenyewe unaweza kulipeleka hadi miezi 6 kabla ya safari, na lisichelewe kupita siku 15 kabla. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa viza hairudishwi. Bima ya safari lazima iwe ya angalau euro 30,000. Hizo pesa tayari ziko hatarini. Kwa nini uongeze na za hoteli?

Soma masharti ya kufuta kabla hujabonyeza kitufe cha kulipa. Tafuta tarehe ya mwisho ya kufuta bila kukatwa, kisha iandike kwenye kalenda ya simu. Bei ya "hairudishwi" huwa chini kidogo, na hicho kidogo ndicho kinachovutia watu. Subiri viza iwe kwenye pasipoti kwanza.

Kuna pia vijana mtaani wanaouza karatasi za buking za uongo "za kupitisha viza tu". Achana nazo. Ubalozi unaweza kupigia hoteli simu, na hati bandia ni sababu tosha ya kunyimwa viza. Utakuwa umelipa ili ukataliwe.

Tafuta Kitengela ya mji huo

Watu wetu wengi hufanya kazi Nairobi na kulala Kitengela, sababu kodi ya kule haishikiki. Ulaya nako mambo ni hayo hayo, na hapa mtu wa Kitengela ana ujuzi kuliko wasafiri wengi.

Ukitaka kuona Venice, huna lazima ya kulala juu ya maji. Mestre iko upande wa bara, na treni huvuka kwa takriban dakika kumi. Ukienda Amsterdam, Zaandam ni dakika kumi na kitu kwa treni. Miji ya namna hii iko karibu kila mahali. Lakini piga hesabu kama vile ungepiga ya matatu: nauli ya kwenda na kurudi, mara siku utakazokaa, na treni ya mwisho usiku ni saa ngapi. Ukiokoa euro 15 kwa chumba na kutumia 12 kwa nauli, umejichosha bure.

Angalia pia ushuru wa kulala, ambao mara nyingi hulipwa ukifika na hauonekani kwenye bei ya kwanza. Amsterdam hutoza asilimia 12.5 ya bei ya chumba tangu 2024. Chumba cha euro 80 kinakaribia 90. Kwa siku tano, hiyo ni pesa ya chakula.

Na usidharau hosteli. Wengine wetu tunaona kulala chumba kimoja na wageni ni aibu, ilhali tulisoma bweni miaka minne na tukatoka tukiwa hai. Hosteli ya kwanza ya kudumu ya vijana ilianzishwa Altena, Ujerumani, mwaka 1912, ndani ya ngome ya zamani, na aliyekuwa na wazo hilo alikuwa mwalimu, Richard Schirrmann. Ni utaratibu wenye zaidi ya miaka mia moja. Nyingi zina jiko la pamoja, na kujipikia ndiko kunakookoa pesa kweli. Beba kufuli yako na slipas.

Wanaoenda kukaa

Swali tunaloulizwa zaidi linahusu Ujerumani, hasa tangu Kenya na nchi hiyo zitie sahihi makubaliano ya wafanyakazi na uhamaji mnamo Septemba 2024. Anayeenda kusoma huonyesha akaunti iliyofungwa yenye euro 11,904 kwa mwaka, yaani 992 kwa mwezi. Kodi inatoka humo humo, pamoja na chakula na bima. Kwa hivyo chumba ndicho kitaamua kama utaishi au utahangaika.

Jua maneno mawili. Kaltmiete ni kodi tupu. Warmmiete ni kodi pamoja na joto na gharama nyingine za jengo, ingawa stima na intaneti mara nyingi huwa nje. Ukilinganisha kaltmiete ya chumba kimoja na warmmiete ya kingine, umelinganisha mbuzi na kuku. Dipoziti kisheria haipiti kodi tupu ya miezi mitatu, na mpangaji ana haki ya kuilipa kwa awamu tatu. Anayekudai miezi sita yote kwa mkupuo kabla hujapanda ndege, mwache.

Kitu kingine: ukihamia Ujerumani unatakiwa kujiandikisha kwenye ofisi ya mji ndani ya wiki mbili, na lazima mwenye nyumba akupe barua ya kuthibitisha unakaa kwake. Chumba cha bei ya chini ambacho mwenyewe anakataa kutoa barua hiyo si nafuu. Bila kujiandikisha, mambo mengine mengi yatakwama.

Wanafunzi waanze na mabweni ya Studierendenwerk, mashirika ya huduma za wanafunzi. Foleni ni ndefu, kwa hivyo omba mara tu upatapo barua ya chuo.

Je, na binamu aliyeko huko? Kulala kwake ni nafuu, lakini kuna makaratasi. Ufaransa, kwa mfano, mwenyeji wako huenda ofisi ya meya kuchukua hati rasmi ya kukukaribisha. Mwambie mapema, si wiki ya kwenda kuomba viza. Na mnunulie chakula ukifika. Ulaya hakuna shamba nyuma ya nyumba.

Njia ya kulipa ni nusu ya usalama

Pesa iliyotumwa moja kwa moja kwa mtu, ikishatolewa, ni vigumu sana kuirudisha. Kadi, hata ile ya mtandaoni unayotengeneza kwenye simu, hukupa njia ya kulalamika na kudai pesa ikiwa huduma haikutolewa. Si uhakika, lakini ni njia. Kwa hivyo lipia malazi kwa kadi, ndani ya tovuti uliyobukia. Mtu akikuambia mtoke nje ya tovuti ili "msikatwe ada", ada hiyo ndiyo ilikuwa ulinzi wako. Na yule anayesema yuko nchi nyingine, tuma dipoziti akutumie funguo kwa posta, huyo hana nyumba.

Weka kwenye kadi ya mtandaoni kiasi cha kutosha malipo hayo tu. Ukiulizwa ukatwe kwa shilingi au kwa euro, chagua euro, kwa sababu kiwango cha kubadilisha unachopewa pale dukani kwa kawaida ndicho kibaya zaidi. Halafu uliza hoteli mapema kama itataka kadi ya plastiki mlangoni. Zingine hushikilia kiasi fulani kama dhamana, na kadi iliyo kwenye simu tu inaweza kukataliwa saa nne usiku ukiwa na masanduku.

Tunajua nyuma ya safari nyingi kuna zaidi ya mtu mmoja: chama kimechanga, mzee ameuza ng'ombe wawili kule Isinya, dada amechukua mkopo. Hiyo si pesa ya kujaribia bahati. Kwa hivyo ukiwa na shaka, usitume leo. Lala nayo, mwonyeshe mtu mwingine tangazo, au tupigie simu kabla, si baada. Kitanda kingine kitapatikana.