Daftari la Wapiganaji Litangulie Maombi ya Fedha

KILA tarehe 25 Julai Taifa letu huadhimisha Siku ya Mashujaa. Mkuki na ngao huwekwa mnarani, mashada ya maua huwekwa, dua na sala husomwa, na wananchi hukumbushwa wale waliotoa maisha yao ili nchi hii ibaki huru. Heshima hiyo kwa waliolala Kaboya, wilayani Muleba, na kwingineko, ni ya haki, na hapana budi iendelee kizazi hata kizazi. Lakini wako pia waliokwenda vitani wakarudi. Hao hawadai mashada ya maua. Wanahitaji miwani, mkongojo, nauli ya kwenda hospitali ya wilaya, na mtu wa kuwaandikia barua.

Tunayasema haya kwa sababu wakati hautungoji. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia ardhi yetu ya kaskazini ya Mto Kagera na kutangaza kuwa ni mali ya Uganda. Tarehe 2 Novemba mwaka huo Mwalimu Nyerere aliliambia Taifa kuwa tutampiga mvamizi, na maelfu kwa maelfu ya vijana wa mgambo waliacha mashamba yao wakaungana na Jeshi la Wananchi. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilitekwa. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 siku zile, leo amekwisha kuvuka miaka 65. Askari wa kudumu aliporudi aliendelea na kazi yake mpaka akastaafu, naye ana pensheni. Mgambo alirudi kwenye jembe lake. Pensheni hufuata ajira, naye hakuwa ameajiriwa, bali alikuwa ameitika.

Wazee hawa wanapojiunga na kuunda asasi ya kuhudumiana, jambo la kwanza wanaloambiwa ni kwamba waombe ruzuku. Wako wafadhili, huambiwa, wa ndani na wa nje. Andikeni andiko la mradi, mtapata. Ushauri huo si mbaya, ila hutolewa na watu ambao baada ya kuutoa huinuka wakaenda zao. Mzee aliyevuka Mto Kagera chini ya risasi hubaki ameshika fomu ya kurasa 15, tena mara nyingi imeandikwa kwa Kiingereza.

Wapo watakaouliza: je, kuomba ruzuku hakupingani na siasa ya kujitegemea? Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilituonya waziwazi tusiifanye fedha kuwa msingi wa maendeleo, na tusiyaweke matumaini yetu katika misaada ya kutoka nje. Onyo lile lingali na maana. Lakini Azimio halikusema kuwa msaada wowote ni haramu. Lilikataza kuutegemea. Anayejitegemea hujua idadi ya watu wake, hujua upungufu wake, huanza kwa nguvu zake, ndipo husema ni kiasi gani kinachobaki na kwa kazi gani. Vita vyenyewe vya Kagera vilipiganwa hivyo: wananchi walitoa ng'ombe, vyakula na malori kabla ya kumtazama mtu mwingine. Anayeanza kwa kuomba, na kujihesabu akakuacha baadaye, huyo ndiye ombaomba.

Mfano upo wa kutufunza. Mwaka 1945 askari wa King's African Rifles waliotoka kupigana Burma kwa niaba ya Uingereza walilipwa kiinua mgongo kilichopangwa kwa rangi ya ngozi. Mwafrika alipata pungufu mno ya kile alichopata mzungu wa cheo kile kile. Miaka zaidi ya 70 ilipita. Mwaka 2018 Serikali ya Uingereza ilitangaza ruzuku ya takriban paundi milioni 12 kwa ajili ya wapiganaji wa zamani wa Jumuiya ya Madola wanaoishi katika umaskini, pamoja na wajane wao, ili kila mmoja apate walau milo miwili kwa siku. Fedha hizo zilipitishwa kwenye umoja wa vyama vya askari wa zamani wa Jumuiya hiyo.

Tunajifunza mawili hapo. La kwanza ni kwamba ruzuku ile haikuwa sadaka. Ilikuwa deni lililochelewa, na mwenye kudai deni hana sababu ya kuinamisha kichwa. La pili ndilo lenye uzito zaidi. Fedha ya namna ile humfikia yule tu ambaye jina lake linajulikana: alitumikia kikosi gani, mwaka gani, anaishi kijiji gani, na kama amefariki, mjane wake ni nani. Mzee ambaye hakuandikwa popote hawezi kuhesabiwa, na asiyehesabiwa halishwi. Wala tusisahau kuwa ruzuku ile ilikuwa ya waliotumikia jeshi la Mwingereza kabla ya uhuru. Wapiganaji wa Kagera hawamo. Hao ni wetu sisi.

Kwa hiyo rai ya gazeti hili ni kwamba kabla ya andiko, kabla ya bajeti, na kabla ya kutafuta anwani ya mfadhili, liwepo daftari. Kila kata iandike wapiganaji wake walio hai na wajane wa waliofariki: jina, umri, kikosi, mwaka wa vita, ulemavu alionao, na huduma anayoikosa. Daftari hilo lihakikiwe mbele ya mkutano wa kijiji, ambako wote wanajuana na ambako mwongo hana pa kujificha. Likishapatikana, andiko lenyewe limekaribia kujiandika.

Tuchukue mfano wa hesabu. Asasi yenye wazee 40 katika daftari lake, ambao nauli ya kwenda na kurudi kliniki ni shilingi 6,000 kwa kila mmoja, ikitaka kuwapeleka mara moja kwa mwezi kwa mwaka mzima, inahitaji shilingi 2,880,000. Wanachama na wananchi wakichanga shilingi 880,000, zinazobaki kuombwa ni milioni 2. Mfadhili yeyote mwenye akili timamu huiamini hesabu ya namna hiyo kuliko kurasa 30 za maneno makubwa kuhusu kuwawezesha wazee. Asasi isiombe fedha kwa jambo ambalo Serikali imekwisha kulikubali kuwa ni wajibu wake, kama matibabu ya wazee wasio na uwezo. Hilo lidaiwe mahali pake. Ruzuku ijaze pengo, isiwe kisingizio cha ofisi ya umma kukwepa kazi yake.

Iko pia sheria. Asasi isiyosajiliwa, isiyo na katiba, isiyo na akaunti ya benki wala hesabu zilizokaguliwa, isijisumbue kuomba. Kanuni zilizotungwa mwaka 2018 chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 ziliyataka mashirika yanayopokea zaidi ya shilingi milioni 20 yatangaze hadharani fedha hizo na matumizi yake, na mkataba upelekwe kwa Msajili na Hazina katika siku 10 tangu kutiwa saini. Wako wanaonung'unika kuwa masharti haya ni mazito. Sisi tunasema uzito huo unamlinda mzee, kwani fedha iliyotangazwa gazetini ni vigumu kuliwa gizani.

Na walaji wapo. Kuna watu wa mijini wenye kompyuta na ulimi laini ambao huwaendea wazee, huchukua picha zao wakiwa na medali vifuani, huandika andiko kwa jina lao, kisha ruzuku ikitoka hugeuka mishahara, semina za hotelini na gari. Zamani tuliwaita kupe, na jina hilo bado linawafaa. Dawa yao ni wazee wenyewe, pamoja na mwakilishi wa wajane, kuwa ndio watia saini wa akaunti, na mapato na matumizi kubandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji kila baada ya miezi mitatu. Mwandishi wa andiko anayedai asilimia ya ruzuku afukuzwe siku ile ile.

Lakini haitoshi kumlaumu kupe ikiwa sisi wenyewe tunamfungulia mlango. Anaingia kwa sababu aliyepaswa kumsaidia mzee hayupo. Ofisa wa maendeleo ya jamii anazijua taratibu za usajili. Hiyo ni kazi yake, tena analipwa kwa ajili hiyo. Mtendaji wa kata ndiye mwenye muhuri wa barua ya utambulisho. Barua hiyo ikilala wiki tatu kwenye trei kwa sababu mwenye muhuri yuko semina, na tarehe ya mwisho ya kupokea maombi ikapita, mzee amenyang'anywa huduma ya mwaka mzima, wala hakuna atakayeulizwa. Urasimu wa namna hiyo haupigi risasi, lakini unajeruhi. Tunapendekeza kila mkurugenzi wa halmashauri aagize kwamba barua ya asasi ya wapiganaji ijibiwe katika siku saba, na kama ni kukataliwa, sababu ziandikwe.

Kwa walimu tuna ombi mahsusi. Katika vijiji vingi mwalimu ndiye mtu anayeweza kuisoma fomu ya Kiingereza, kuieleza kwa Kiswahili, na kuandika majibu kama wazee walivyoyasema. Kazi hiyo haizidi jioni chache kwa mwaka. Wanafunzi wa madarasa ya juu wanaweza kupelekwa kuandika daftari nyumba kwa nyumba, na hapo watajifunza historia ya nchi yao kutoka kwa walioitengeneza. Somo hilo halitakuwepo muda mrefu ujao. Walimu wake wanazikwa.

Chama kina matawi na mashina katika kila kona ya nchi hii, nayo hayakuwekwa kwa ajili ya uchaguzi peke yake. Balozi wa shina anawajua watu wake kwa majina. Tunawataka viongozi wa matawi wayatumie mashina hayo kuanzisha daftari tunalolisema, kabla ya Siku ya Mashujaa ijayo, na kulikabidhi kwa asasi za wazee wenyewe. Taifa lilipowaita, hawakuuliza fomu iko wapi. Leo wao ndio wanaotuita.