Nambari 347,347 na Kasumba Yetu

Wapo wasomi wanaoshikilia kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba hisabati. Hiyo ni kasumba. Mwalimu na aandike 347,347 ubaoni, kisha wanafunzi waitamke: elfu mia tatu arobaini na saba, mia tatu arobaini na saba. Sikio limekwisha kuinasa siri! 347 imetajwa mara mbili, kwanza ikihesabu maelfu, kisha mamoja. Basi ni 347 mara 1,001. Nayo 1,001 ni 7 mara 11 mara 13. Ndiyo sababu nambari hiyo hugawanyika kwa 7, kwa 11 na kwa 13 pasi na kubakiza kitu, na 582,582 vilevile. Atakayeanza na “laki tatu” ataificha siri hiyo, ingawa mimi nalipenda sana neno laki.