Vijana na Hesabu: Namba 9 na kaye ya likelemba



Likelemba ngapi zimevunjika juu ya feza kidogo tu? Tuseme mama mutunza feza anafungua sanduku mbele ya wenzake. Kaye inasema 312 500 franka, sanduku iko na 285 500. Imepungua 27 000. Macho yote yanamugeukia, na mbele ya mangaribi jina lake limekwisha kuharibika katika kartie yote. Ngojeni! Mbele ya kusema «mwizi», mugawe kwanza ile feza yenye kupungua na 9.

27 000 ukiigawa na 9 inatoa 3 000 kamili, hakuna kitu kinachobaki. Njo kusema: muangalie kaye vizuri, pengine mwandishi aligeuza chifre mbili. Mama mumoja alileta 25 000, yeye akaandika 52 000. Tofauti yao ni 27 000 kabisa.

Sababu gani ni 9? Angalia 52 na 25. Ile 5 ikitoka pa makumi na kushuka, 50 inakuwa 5: imepoteza 45, ni kusema 9 mara 5. Ile 2 ikipanda, inakuwa 20: imeongeza 18, ni 9 mara 2. Geuza chifre mbili zozote, tofauti itagawanyika na 9 siku zote. Na ile 3 ya 3 000 inakusaidia tena: utafute chifre mbili zenye kupitana na 3, pa elfu na makumi ya elfu, sawa 1 na 4, 2 na 5, 3 na 6.

Zero ya kuzidi inafanya vilevile. Ukiandika 50 000 mahali pa 5 000, tofauti ni 45 000. Gawa na 9, unapata 5 000, ile namba yenyewe ya kutafuta.

Wenye kusoma kwa Kifaransa wanajua pia «preuve par neuf». Ni ya zamani sana: Leonardo Fibonacci wa Pisa aliiandika katika kitabu chake cha mwaka 1202. Mifuko 23 ya makala, kila moja 18 500, ni 425 500. Jumlisha chifre mpaka ibaki moja: 23 inatoa 5, 18 500 inatoa 5. 5 mara 5 ni 25, inatoa 7. Na 425 500? 16, kisha 7. Vizuri. Muuzaji akiandika 435 500, itatoa 8: kuna kosa.

Lakini akiandika 452 500, itatoa 7 tena! Kujumlisha chifre hakujali ni gani inatangulia. Kwa hiyo preuve haioni chifre zenye kugeuzwa. Kutoa na kugawa njo kunazionyesha.

Mujue pia: 9 haiko juge. Mutu anaweza kuiba 27 000 kamili. 9 inaonyesha tu mahali pa kutafuta kwanza. Na kama tofauti haigawanyiki na 9, kosa haliko la kugeuza chifre peke yake. Pengine kuna mustari uliosahauliwa.

Zoezi: kaye inasema 186 000, sanduku iko na 141 000. Mutafute makosa mawili mbalimbali, kila moja peke yake inaweza kuleta tofauti hii.