Mawe ya Homa Bay yana siri, usiyatie mfukoni

Mpenzi msomaji, shule zikifungwa Desemba wengi wenu hufunga virago na kuelekea Nyanza kuwaona babu na nyanya. Gari likiiacha barabara ya Migori pale Rongo na kushika njia ya Homa Bay, aghalabu watoto huwa wamekwisha kulala. Safari hii waamshe, maana mbele yao kuna maktaba kongwe isiyo na kitabu hata kimoja.

Maktaba hiyo ni nchi inayouzunguka Mlima Homa, volkano iliyozimika kando ya Ziwa Victoria. Hapo kale udongo, mchanga na majivu vilifunika mifupa ya wanyama waliokufa, tabaka juu ya tabaka. Madini yakapenya ndani ya mifupa polepole hadi ikawa migumu kama jiwe. Mifupa ya namna hiyo ndiyo huitwa visukuku. Leo mvua ikinyesha, makorongo hupanuka na yaliyofichika hutokeza nje.

Je, wajua kilichotokeza Nyayanga? Mkazi wa huko aliwaelekeza watafiti waliokuwa wakichimba Kanjera, mahali pengine penye sifa kwenye rasi hiyo hiyo. Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya na wenzao kutoka nje wakachimba kwa miaka kadhaa, na mwaka wa 2023 wakatangaza waliyoyapata: zana za mawe 330 na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa. Umri wake ni kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Tafakari kidogo: mtu alikaa pale, akagonga jiwe kwa jiwe lenzake hata akapata makali, kisha akamchuna kiboko. Moto wa kuchomea nyama hiyo hakuwa nao, kwani ulikuja baadaye sana.

Ni nani huyo? Hapo pana kitendawili. Karibu na zana hizo yalipatikana magego mawili ya Paranthropus, kiumbe wa ukoo ulio jirani na wetu ambaye kizazi chake kilikatika. Ikiwa ndiye aliyezitengeneza, au alikuwa mpita njia tu, wataalamu hawajakubaliana. Mwaka wa 2025 walieleza jambo jingine la ajabu: baadhi ya mawe hayo yalibebwa kutoka mahali palipo mbali kwa zaidi ya kilomita 10. Aliyeyabeba alijua anachokitaka.

Ukivuka daraja la Mbita utaingia Rusinga. Hapo ndipo Mary Leakey alipopata, mwaka wa 1948, fuvu la sokwe wa kale aliyeishi miaka milioni 18 iliyopita. Jina lake la kitaalamu leo ni Ekembo heseloni, kwa heshima ya Heselon Mukiri, Mkenya aliyefanya kazi na akina Leakey miaka mingi.

Sasa nisikilizeni, hasa ninyi wanafunzi. Mwaka wa 1932 kundi la Louis Leakey lilipata taya la binadamu huko Kanam, chini ya mlima huo huo. Leakey akatangaza kwamba ni la kale mno. Mwaka wa 1935 mtaalamu wa miamba, Profesa Boswell, akafunga safari kutoka Uingereza ili aonyeshwe mahali penyewe. Leakey hakuweza kupaonyesha kwa uhakika, kwa kuwa vigingi vya chuma alivyopachika vilikuwa vimetoweka. Taya lilikuwapo, lakini shahidi wake, yaani tabaka lilimotoka, hakuwapo. Heshima ya ugunduzi huo ikaporomoka.

Ikiwa mtaalamu alipatwa na hayo, itakuwaje kwa mtoto anayeokota jino la jiwe na kulipeleka Nairobi ndani ya mkoba? Likitolewa mahali pake, huwa bubu. Basi, ukiona mfupa uliogeuka jiwe, usiuchimbe wala usiuokote. Piga picha, tia mahali hapo alama, kisha mwarifu chifu au ofisi ya makumbusho. Sheria ya mwaka wa 2006 inalinda vitu hivi, na mtu haruhusiwi kujichimbia bila kibali.

Mkirudi, pitieni Thimlich Ohinga huko Migori, ambako kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji zimesimama kwa karne kadhaa. Mwaka wa 2018 zilitiwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Mwambie mwanao azitazame vizuri. Zimesimama kwa sababu kila jiwe limeachwa mahali pake.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Asili yetu sehemu yake imelala pale ziwani, na mvua haimngoji mtu. Tukutane Jumapili ijayo.