Chumvi ya Mama na Ubongo wa Mtoto

Watu wa Tabora na chumvi wanajuana tangu zamani. Kabla gari moshi halijafika Tabora mwaka 1912, wapagazi wa Kinyamwezi walipita njia ya misafara kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji. Kati ya Tabora na Ujiji iko Uvinza. Huko, karibu na Mto Malagarasi, maji ya chumvi hutoka ardhini. Watu waliyachemsha katika vyungu mpaka yakakauka, chumvi ikabaki. Kazi hiyo imefanyika Uvinza kwa zaidi ya miaka 1,000.

Chumvi ile ilitia ladha katika mboga. Lakini chumvi ya kuchemshwa tu ina upungufu. Haina madini joto ya kutosha. Upungufu huo unamgusa mtoto ambaye bado hajazaliwa.

Fikiri juu ya ubongo wa mtoto aliye tumboni. Tabaka la juu la ubongo ndilo la kufikiri, kukumbuka na kusema. Ndilo linalokuwezesha kusoma gazeti hili. Tabaka hilo lina chembe za fahamu kama bilioni 16, na nyingi sana hufanyika katika nusu ya kwanza ya mimba. Chembe huzaliwa ndani, kisha husafiri kwenda nje mpaka mahali pake. Zilizotangulia hukaa chini. Zinazofuata huzipita na kukaa juu yake. Huo nao ni msafara, ila katika msafara huu wa nyuma ndiye anayefika mbali.

Nani anauongoza? Ni jeni. Jeni ni maagizo ya urithi ambayo mtoto hupata kwa baba na mama. Yamo ndani ya kila chembe. Jeni moja huamuru chembe zigawanyike. Nyingine huamuru ziache kugawanyika na zianze safari. Lakini jeni nyingi hungoja kuamshwa. Kimojawapo cha vinavyoziamsha ni homoni inayotengenezwa na tezi la shingoni, na tezi hilo haliwezi kuitengeneza bila madini joto. Katika miezi mitatu ya kwanza tezi la mtoto halijaanza kazi. Homoni yote hutoka kwa mama.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaomwona mtoto mzito wa kuelewa wakasema, "Ukoo ule ndivyo ulivyo," au wakataja laana. Urithi wake unaweza kuwa mzuri kabisa. Maagizo yapo, ila aliyetakiwa kuyaamsha hakufika. Wala mama asilaumiwe. Yeye alikula chumvi aliyoikuta dukani. Ni kweli kwamba si kila mtoto wa namna hiyo alikosa madini joto. Wengine waliumia wakati wa kuzaliwa, wengine waliugua. Mpeleke zahanati apimwe. Lakini Shirika la Afya Duniani linasema upungufu wa madini joto ni sababu kubwa ya kuharibika kwa ubongo ambayo inaweza kuzuiwa. Na ubongo ulioharibika mapema tumboni hautengenezeki baadaye kwa dawa wala kwa chumvi.

Mvua za miaka mingi husomba madini joto kutoka katika udongo, na mazao hukua bila kuyapata. Rovu, yaani uvimbe wa tezi la shingoni, limeonekana sana katika nyanda za juu za Kigoma, Rukwa, Mbeya na Iringa. Muhogo mchungu usiolowekwa vizuri huzidisha shida, kwa sababu sumu yake hulizuia tezi kupata madini joto.

Tangu miaka ya 1990 sheria ya Tanzania inataka chumvi ya kula itiwe madini joto. Hata hivyo, chumvi ya wachemshaji wadogo bado huuzwa minadani bila kutiwa kitu. Maoni yangu ni kwamba serikali ya kijiji isiwafukuze wachemshaji hao, maana wanatafuta riziki. Iwasaidie kupata madini joto na kujifunza kuyachanganya. Mwenye duka naye aulizwe anauza chumvi gani.

Wewe nyumbani, nunua chumvi iliyoandikwa "madini joto" kwenye mfuko. Kisomo chako kina faida hapo. Usiioshe. Iweke katika chombo chenye kifuniko, mbali na unyevu na jua. Itie mbogani chakula kinapokaribia kuiva. Usiongeze kipimo, kwani chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu. Kidogo kile kile cha kila siku kinatosha, na binti aanze kukitumia kabla hajapata mimba. Wengi hujitambua kuwa wana mimba wakati msafara umekwisha kuanza.