Masafa ya Moyo Chini ya Paa Moja



Juma hili twazungumza hasa na dada zetu wa Kitui na Makueni ambao waume zao wako huku Mombasa. Tangu enzi za misafara ya pembe, watu wa Ukambani wameteremka pwani kutafuta riziki, na hadi leo wengi wa wachonga vinyago wa Changamwe asili yao ni huko. Mume huwa pwani, mke akabaki Kibwezi, Wote au Mwingi. Je, masafa hayo ndiyo yavunjayo ndoa?

Tuanze na fasihi. David Maillu, mzaliwa wa Kilungu, Makueni, aliandika sana katika miaka ya 1970. Vitabu vyake vingi si vya kuwekwa mbele ya watoto, nasi hatuvisifu vyote. Lakini kile kiitwacho *Dear Monika* kina funzo: ni kisa cha mume na mke waliotengana, nacho kimejengwa kwa barua. Mwenye kuandika barua bado anatumai kusomwa. Hata akilaumu, hata akilia, amekiri kwamba mwenziwe yupo na huenda akajibu. Nyumba imeingia ufa, lakini sauti bado inapita.

Sasa tutazame mchoro. Mwaka 1932 Mmarekani Edward Hopper alichora picha aitwayo *Room in New York*. Twachungulia dirishani usiku: mume ameinamia gazeti, mke amemgeuzia bega, kidole chake kikigusa kinanda bila ari ya kupiga wimbo. Kati yao pana meza ndogo na mlango uliofungwa. Hapana ugomvi wala machozi. Fasihi ingetusimulia nani alianza kununa na kwa nini; mchoro hautuambii. Hutuonyesha kimya chenyewe, na ndani yake kesho haifiki: mume yule hatainua macho kamwe.

Basi waliotengana kwa barua wana matumaini kuliko wale walioketi hatua mbili. Masafa ya njia hupimwa kwa maili. Ya moyo hupimwa kwa maneno yaliyokosa kusemwa.

Tujikague. Mume hupiga simu jioni: “Pesa zimefika?” “Zimefika.” “Watoto wazima?” “Wazima, alhamdulillahi.” Kisha simu hukatwa. Hakuna aliyeuliza, “Na wewe, moyo wako u hali gani?” Na sisi tunaolala nyumba moja tusijione bora, kwani wangapi kati yetu wameibadilisha nafasi ya lile gazeti kwa simu ya mkononi?

Surat Ar-Rum, aya ya 21, yatufundisha kwamba ndoa imewekewa utulivu, mapenzi na huruma. Huruma haitumwi pamoja na pesa za matumizi. Huulizwa, husikilizwa, hujibiwa. Na kimya kikizidi nguvu za wawili, Surat An-Nisaa, aya ya 35, imefungua njia ya mwamuzi mmoja kutoka kwa jamaa za mume na mmoja kutoka kwa jamaa za mke. Kuwaita wazee mapema si aibu.

Dada, kaka, usiku wa leo mmoja wenu na aanze kusema. Wale wa mchoroni hawana uwezo huo, nyinyi mnao.

Wabillahi tawfiq.